Amana ya Mwenye Huzuni

Zamani katika vijiji vyetu, wakati watu wengi walipokuwa hawajajua kusoma, mwalimu ndiye aliyekuwa mkono wa kila mtu. Mama aliyetaka kumpelekea habari mwanawe aliyekwenda mbali kutafuta kazi alimwendea mwalimu, akakaa kitako juu ya mkeka, akasema, na mwalimu akaandika. Majibu yalipofika, alirudi tena ili asomewe. Hivyo mwalimu alijua deni la huyu, na ugomvi wa yule na mkewe, na habari za mtoto aliyepotelea mjini, na ugonjwa ambao haukutajwa mbele za watu.

Nilipokuwa mtoto nilimjua mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo. Mtu alipokuja na neno lake, kwanza mzee alitutoa sisi watoto tuliokuwa tukicheza barazani, kisha akafunga mlango. Kazi ilipokwisha alipewa mayai mawili au senti chache, naye alizipokea bila kuona haya. Siku moja nilimwuliza kwa ujinga wa kitoto, "Babu, yule mama alikuwa akilia nini?" Hakunikaripia. Alinijibu, "Mayai haya ni bei ya wino na ya mkono wangu. Machozi yake hayakuuzwa hapa."

Neno hilo limenirudia mara nyingi siku hizi, kwa sababu ametokea duniani mwandishi wa barua wa namna mpya. Katika simu hizi za kioo ambazo vijana wetu wanazo, mna kazi nyingi zilizotiwa ndani yake, ziitwazo programu. Iko programu ya kupeleka fedha, iko ya kupelekeana picha, na iko ya kusoma habari. Tena siku hizi ziko programu za kuwaganga wenye huzuni. Mtu akosaye usingizi, au aliyefiwa, au mwenye hofu asiyojua chanzo chake, au yule ambaye roho yake imechoka na maisha, huifungua programu hiyo, hujibu maswali, kisha huufungua moyo wake wote. Katika programu nyingine, upande wa pili yuko mshauri, mtu kama sisi, aliyejifunza kazi hiyo. Katika nyingine hapana mtu, ni mashine tu inayojibu. Nyingi hulipiwa kwa juma au kwa mwezi. Nyingine husemwa kuwa ni za bure. Katika Marekani na Ulaya biashara hii imekuwa kubwa, na huku kwetu nayo yaweza kuingia kwa njia ya vijana, maana simu haina mpaka wala mlinzi wa forodha.

Basi swali langu ni hili: Mtu afanyaye biashara ya kusikiliza huzuni za watu, ni faida gani iliyo haki yake, na ni faida gani isiyo haki yake? Nataka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, kwa maana si swali la Wazungu peke yao.

Kwanza, sisemi kwamba ni aibu kupokea fedha kwa kazi ya kufariji. Wako wanaosema hivyo, lakini sikubaliani nao. Mganga hulipwa, mkunga hulipwa, na mwalimu wenu naye hupokea mshahara wake, wala hatusemi kwamba kwa hiyo hapendi watoto. Mshauri aliyejifunza miaka mingi, akaketi saa nzima kusikiliza, ametoa jasho lake kama mkulima alivyotoa lake. Kumnyima ujira si wema.

Tena, sisemi kwamba programu hizi hazina maana. Katika nchi zetu matabibu wa maradhi ya akili ni wachache, nao wengi wako mijini. Aliye Dodoma husikia habari za Mirembe, na aliye Nairobi husikia habari za Mathari, lakini watu wengi huogopa hata kuonekana wakipita karibu na lango la hospitali hizo, wasije wakaitwa wenda wazimu. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Tena walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mithali hizi mbili zatwambia kwamba asiyesema ugonjwa wake hapati dawa. Mtu akipata njia ya kusema usiku, peke yake, pasipo kuonekana, hata kama njia yenyewe ni simu, yawezekana akaokoka. Basi tusiicheke.

Lakini hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Ikiwa kupona kwataka kufunua, basi afunuaye yuko katika hatari, na yule anayefunuliwa ameshika kitu kikubwa kuliko fedha. Mtu akiuza ndizi sokoni, ndizi ni zake mpaka zinunuliwe, naye aweza kuzipeleka apendako. Lakini mtu akikwambia siri ya moyo wake ili umsaidie, hukuinunua siri hiyo, wala yeye hakuiuza. Ameiweka kwako. Katika lugha yetu kitu kama hicho chaitwa amana. Mwenye kuwekewa amana si mwenye mali, hata ikikaa nyumbani mwake miaka kumi.

Na haja hii ya kufunga mlango imo ndani sana katika mwanadamu. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani, jina lake Joseph Weizenbaum, alitangaza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ikimjibu mtu mfano wa tabibu wa akili, kwa kuyageuza maneno ya mtu mwenyewe yawe maswali. Haikuelewa lolote. Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba karani wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi mingi na kujua hakika kwamba ni mashine tu, alipoanza kuongea nayo alimwomba bwana wake atoke chumbani. Fikirini jambo hili. Hata mbele ya kitu kisicho na masikio, mtu aliyeanza kusema ya moyoni alitaka mlango ufungwe.

Sasa na tuone wafanya biashara wa leo wamefanyaje na mlango huo. Iko kampuni huko Marekani iitwayo BetterHelp, iliyoanzishwa mwaka 2013, ambayo humkutanisha mtu na mshauri kwa njia ya simu au kompyuta. Bei yake ilikuwa dola 60 mpaka 90 kwa juma moja. Kabla ya kuanza, mtu aliulizwa maswali: Je, una huzuni nyingi? Je, umepata kuwaza kujiua? Je, kuna dawa unazotumia? Naye aliahidiwa kwamba majibu yake yangekaa kwa siri. Mwezi wa Machi 2023, tume ya serikali ya Marekani inayoangalia haki katika biashara ilitangaza kwamba kampuni hii ilikuwa imepeleka habari za wateja wake kwa makampuni ya Facebook, Snapchat, Criteo na Pinterest, ili zitumike katika kazi ya matangazo. Tume ilisema kwamba katika mwaka 2017 kampuni ilipeleka kwa Facebook anwani za barua pepe za wateja wake wote wa wakati ule na wa zamani, karibu milioni 2. Kampuni iliagizwa kutoa dola milioni 7.8, na kukatazwa kupeleka habari za afya za watu kwa ajili ya matangazo.

Yapasa tuseme pia jinsi kampuni ilivyojitetea, maana si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Ilisema kwamba kukubali kulipa si kukiri kosa; kwamba maneno yaliyosemwa baina ya mgonjwa na mshauri hayakutolewa; kwamba haikupokea hata senti moja kwa habari hizo; na kwamba jambo iliyofanya ndiyo desturi ya makampuni mengi.

Labda msomaji ataniuliza, "Ikiwa hawakulipwa, walipata faida gani?" Nitajibu kwa mfano. Tuseme yule mzee wa utoto wangu angalikwenda kwa mwenye duka na kumwambia, "Mama fulani amekuja kwangu analia. Hili ndilo jina lake. Wewe unawajua watu wote wapitao dukani kwako. Nitafutie wengine wanaofanana naye, uwaambie kwamba mimi ni mwandishi hodari." Mwenye duka asingempa hata senti. Lakini siku ya pili wangekuja watu kumi na mayai yao, na mwenye duka naye angejua jambo jipya la yule mama, ambalo hakupewa na mama mwenyewe. Je, mzee angeweza kusema, "Sikuuza kitu"? Angesema kweli kwa ulimi, lakini angekuwa ameila amana. Faida ni faida, ikija kwa sarafu au ikija kwa wateja.

Na tena haitoshi kusema, "Sikutoa maneno yake, nilitoa jina lake tu." Ukimwona mtu akitoka katika nyumba ya tabibu wa wenda wazimu, huhitaji kusikia aliyoyasema humo ndani. Kule kuingia tu ni siri. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini aliyeuona mtungi ukibebwa amekwisha kujua kwamba mna maji.

Kampuni nyingine ya namna hiyo, iitwayo Cerebral, ilianza mwaka 2020. Mwezi wa Aprili 2024 tume ile ile ilitangaza kwamba habari za watu karibu milioni 3.2 zilikuwa zimefika kwa makampuni ya LinkedIn, Snapchat na TikTok. Lakini liko jambo moja katika habari zile lililonichoma zaidi, labda kwa sababu mimi ni mtu wa barua. Kampuni ilikuwa imewapelekea wagonjwa zaidi ya 6,000 kadi za posta zisizotiwa katika bahasha, zenye majina yao na maneno ambayo kila aliyeyaona angeweza kufahamu ugonjwa wao na matibabu yao. Mchukua barua aliziona, jirani aliziona, na mtoto wa nyumbani aliziona. Mambo ya mitambo ni magumu kufahamu, lakini barua bila bahasha kila mtu anaijua.

Sasa twaja kwa wale wanaotetea biashara hii kwa hoja nzuri zaidi. Hoja ya kwanza husema, "Mteja alikubali. Maneno ya mapatano yaliandikwa, naye akabonyeza mahali pa kukubali." Nami nauliza: alikubali katika hali gani? Mfa maji haachi kutapatapa; ukimnyoshea ufito atashika, wala hatauliza una miiba mingapi. Mtu aliyefungua programu saa nane za usiku kwa kuwa hawezi kuvumilia tena, akawekewa mbele yake maandishi marefu kama kitabu kizima, kwa lugha ya mawakili, hayasomi. Yule aliyeyaandika anajua kwamba hayasomi. Basi mapatano yale si mapatano ya watu wawili, ni mtego wenye sahihi. Mapatano ya kweli ni yale ambayo aliye dhaifu ameelezwa kwa maneno machache anayoyajua, naye akaweza kusema "sitaki" pasipo kunyimwa msaada.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, nami nimeifikiri sana. Husema, "Tukifuta majina, je, twamdhuru nani? Huzuni za watu elfu zikikusanywa bila majina zaweza kutufundisha namna ya kuwaokoa elfu wengine." Jambo hili lilitokea kwa kweli. Huko Marekani kiko chama cha msaada kiitwacho Crisis Text Line, kilichoanza kazi mwaka 2013, si cha kutafuta faida. Mtu aliye katika hatari ya kujiua hukiandikia kwa simu, naye hujibiwa na mtu aliyefundishwa, bila malipo. Chama hiki kimewasaidia watu wengi mno. Lakini mwezi wa Januari 2022 gazeti moja la Marekani lilifunua kwamba maneno ya watu wale, majina yakiwa yamefutwa, yalikuwa yakitumiwa na kampuni ya biashara iitwayo Loris, ambayo chama chenyewe kilikuwa na sehemu ndani yake. Kampuni hiyo ilitengeneza mitambo ya kuwasaidia makarani wa makampuni kuongea kwa upole na wateja wao. Watu waliposikia walikasirika, na baada ya siku chache tu chama kikaacha.

Kosa lilikuwa nini, ikiwa majina yalifutwa na fedha zingerudi katika kazi njema? Tazameni desturi yetu ya mifugo. Mtu akikuwekea mbuzi wake umtunze, wewe hunywa maziwa, wala hapana akuitaye mwizi. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kumleta mbuzi mwenyewe alijua kwamba utakunywa, akakubali, na mbuzi atarudi kwao mzima. Lakini ukimkodisha kwa mtu mwingine kwa kazi ambayo mwenyewe hakuijua, hata mbuzi akirudi bila jeraha, umevunja amana. Ndivyo yalivyo maneno ya mwenye huzuni. Aliyekaribia kujiua alisema maneno yale ili aokoke. Yakitumiwa kumfundisha mshauri aokoe mwingine, naye akijua, ni maziwa. Yakitumiwa kumfundisha karani apooze hasira za mnunuzi wa viatu, hayo siyo aliyowekea mbuzi wake. Kufuta jina hakubadili nia ya mwenye kuweka.

Liko na jambo la tatu, nalo ni la kulinda. Mwenye kukusanya amana nyingi hujenga ghala, na ghala huvuta wezi. Katika nchi ya Finland ilikuwako kampuni ya ushauri iitwayo Vastaamo, yenye vituo vingi. Maneno waliyoyasema wagonjwa yaliandikwa na kuwekwa katika kompyuta, ila ulinzi wake ulikuwa mbovu. Mwizi aliingia kwa njia ya mtandao akayachukua. Mwezi wa Oktoba 2020 alianza kuwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akiwataka walipe euro 200, na wakichelewa euro 500, la sivyo atayatangaza yale waliyomwambia tabibu wao. Walioibiwa habari zao walikuwa kama watu 33,000. Mwaka 2021 kampuni ikafilisika. Mwizi alikamatwa baadaye, na mwezi wa Aprili 2024 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka sita na miezi mitatu. Lakini neno lililokwisha kutoka halirudi. Kwa habari hii najifunza kwamba haitoshi mwenye biashara kusema, "Sina nia mbaya." Asiyeweza kulinda asikusanye. Na asiyehitaji kuandika asiandike.

Tukirudi kwenye Maandiko, ambayo wasomaji wa gazeti hili wanayajua, twamkumbuka Samsoni. Hakuangushwa kwa nguvu. Aliangushwa kwa kumweleza Delila yote yaliyokuwa moyoni mwake, naye Delila alikuwa amekwisha kuahidiwa vipande elfu moja na mia vya fedha na kila mmoja wa wakuu wa Wafilisti. Yafaa tuangalie jambo moja: bei ilikuwa imepangwa kabla siri haijasemwa. Ubaya wa Delila haukuanza siku ile alipomwita kinyozi. Ulianza alipomwuliza Samsoni akijifanya kwamba auliza kwa mapenzi, hali akiuliza kwa niaba ya wengine. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kipimo cha biashara hii kiko katika swali la kwanza kabisa: yule anayeuliza "Una huzuni gani?" anauliza kwa ajili ya nani?

Na kutoka hapo chatoka kipimo kingine. Tabibu mwema hufurahi mgonjwa asiporudi, maana amepona. Lakini mwenye programu anayelipwa kwa kila mwezi hupata hasara mgonjwa akipona, na hupata faida akizidi kuifungua kila siku. Sisemi kwamba wote hutamani watu wasipone. Nasema kwamba biashara iliyojengwa namna hiyo humvuta mwenyewe upande mbaya, kama gari lenye gurudumu bovu, naye asiposhika usukani kwa nguvu litamwingiza mtaroni. Mwenye kuanzisha biashara ya namna hii yampasa aijenge tangu mwanzo kwa namna ambayo kupona kwa mtu si hasara kwake.

Sheria zipo, nazo ni njema. Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika mwaka 2023. Sheria hizi huzihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni habari za kulindwa zaidi ya nyingine. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba hana pa kushitaki. Hata hivyo sheria huja nyuma ya kosa, kama vile polisi ajavyo nyuma ya mwizi. Tume ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 2023 kwa mambo ya mwaka 2017, na katika miaka hiyo yote watu waliendelea kufunua mioyo yao.

Basi nawashauri vijana wetu, na wazazi wenye vijana: kabla hamjaiambia simu neno la moyoni, ulizeni mambo manne. Ni nani anayenisikiliza, ni mtu au ni mashine? Anakula wapi, yaani fedha zake zatoka kwa nani? Maneno yangu yatakaa wapi na kwa muda gani? Na nikitaka yafutwe, yatafutwa? Programu isiyoweza kujibu maswali haya manne kwa maneno machache, iacheni. Na ile isemayo kwamba ni ya bure, iulizeni swali la pili mara mbili.

Ningeweza kuishia hapa, na sisi sote tungeondoka tukiwalaumu matajiri wa Marekani. Lakini haki inanitaka niseme neno moja zaidi, nalo ni chungu. Nilimwuliza kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu, kwa nini huiambia simu mambo ambayo hakumwambia mtu ye yote kijijini. Alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, simu haiendi kisimani." Sikuwa na jibu. Maana kijana huyo alikumbuka jinsi mama mmoja alivyoomba aombewe kwa ajili ya ndoa yake, na kabla ya siku ya soko habari ikawa imefika mtaa wa pili. Hapana aliyelipwa. Hapana aliyepeleka orodha kwa kampuni yo yote. Tuliigawa amana yake bure, tena kwa jina la kumwombea. Kikulacho ki nguoni mwako. Kampuni ile huila amana kwa ajili ya faida, nasi twaila kwa ajili ya utamu wa mazungumzo. Sijui ni nani kati yetu atakayekuwa na udhuru zaidi.

Wako walioonyesha njia iliyo bora. Katika Zimbabwe, daktari wa maradhi ya akili aitwaye Dixon Chibanda alifiwa na mgonjwa wake kijana aliyejiua, ambaye jamaa zake hawakuwa na nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 daktari alianza kuwafundisha mabibi wazee wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, namna ya kumsikiliza mwenye huzuni. Akawapa viti virefu vya mbao chini ya miti karibu na zahanati, na watu wakaja kuketi nao. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, neno ambalo kila mtu alilifahamu. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika zahanati 24 yalitangazwa katika gazeti kubwa la madaktari la Marekani, nayo yalionyesha kwamba baada ya miezi sita walioketi na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopewa matibabu ya kawaida. Mabibi hawa si wataalamu wa vyuo vikuu. Walifundishwa kusikiliza, na kumsaidia mtu atafute njia yake mwenyewe.

Hatuna budi kuwa na watu wa namna hiyo katika kila kijiji, katika kila usharika na kila shule, watu wawili watatu ambao kila mmoja ajua kwamba neno likifika kwao limefika mwisho wa safari yake. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuwaambia vijana waiweke simu chini.

Yule mzee wa barua alikufa zamani. Siku ya maziko yake walikuja watu wengi kutoka vijiji vya mbali, wengine hatukuwajua, nao walilia sana. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa kijana, nikasikia watu wakiulizana walikuwa na udugu gani naye. Hapana aliyejua, maana yeye hakupata kumwambia mtu.